Keko, Mtaa wa Mbao: Siku Tatu za Kujifunza Msumeno wa Meza

Mgeni wa Keko huweza kuongozwa na masikio na pua. Ukitoka Kariakoo kuelekea Temeke, ukaishika barabara ya Chang'ombe, utausikia mlio mwembamba wa msumeno kabla hujaona kitanda hata kimoja. Mlio hupanda, huzama unapokutana na ubao, kisha hupanda tena. Halafu huja harufu ya mbao iliyochanganyika na ya vanishi. Ndipo macho yanapopata zamu yao: makabati yaliyopangwa ukingoni mwa barabara, vitanda vya sita kwa sita vilivyosimamishwa kwa ubavu, fremu za milango, na viti vya sofa ambavyo bado ni mifupa mitupu vikisubiri sponji na kitambaa. Familia nyingi za Dar es Salaam zimelala, zimekula na zimepokea wageni juu ya kazi ya mikono ya mtaa huu. Maharusi wengi wameanza maisha kwa kitanda kilichotoka hapa kikiwa kimefungwa kamba juu ya guta.

Sisi wa kamati ya msikiti tulifunga safari ya kwenda huko kwa siku tatu. Tulikuwa watu watano: katibu anayeandika haya, mweka hazina, na vijana watatu waliosomea madrasa yetu. Hatukwenda kununua samani. Tulikwenda kujifunza msumeno wa meza, ile mashine yenye meza ya chuma na msumeno wa duara unaochomoza katikati yake, ambayo mbao hupitishwa juu yake zikapasuliwa.

Sababu ilikuwa hii. Watoto wa madrasa hukaa mkekani na misahafu ikiwa magotini, na kamati ilikuwa imekusudia kuwatengenezea marufaa sitini, vile vibao vya kuwekea msahafu, pamoja na rafu nne za vitabu. Bei ya kununua ilipotajwa, mjumbe mmoja alitoa shauri: tununue msumeno wa meza wetu wenyewe, tuuweke katika banda lililo nyuma ya msikiti, na vijana waliomaliza shule wakakaa bila shughuli wajifunze ufundi hapo hapo. Shauri lilipendeza wengi. Lakini mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa vijana waliotajwa, aliuliza kutoka upande wa akina mama: "Waheshimiwa, mashine hiyo mnaijua, au mnaijua bei yake tu?" Kikao kikaahirishwa. Swali lile ndilo lililotupeleka Keko.

Fundi aliyekubali kutupokea ni mzee aliyeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Vijana walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akiwatazama mikono badala ya nyuso. Kisha akatugeukia. "Ustadh," akasema, "leo mashine haitawashwa mpaka adhuhuri. Kwanza mtaijua ikiwa imelala."

Akachomoa waya wa umeme ukutani, akauning'iniza pahali ambapo sote tungeuona. Hilo lilikuwa somo la kwanza: mkono hauingii kwenye msumeno, iwe ni kuubadilisha, kuusafisha au kuupima, ila baada ya umeme kutenganishwa na mashine. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha, na kwa sababu msumeno huendelea kuzunguka muda baada ya mota kunyamaza. Unazunguka kimya, na ukimya huo ndio unaowadanganya wengi.

Akatuonyesha sehemu moja baada ya nyingine. Kuna meza yenyewe, ambayo lazima iwe tambarare na safi. Kuna reli ya pembeni, chuma kirefu kinachosogezwa karibu au mbali na msumeno ili kuamua upana wa ubao utakaotoka. Reli hiyo lazima iwe sambamba na msumeno. Ikiinamia ndani kwa upande wa nyuma, hata kidogo, inaubana ubao kwenye meno. Kuna kifuniko cha juu kinachowakinga watu na meno. Na kuna kipande chembamba cha chuma kinachosimama nyuma tu ya msumeno, chenye unene unaoweza kupita katika njia iliyokatwa. Kazi yake ni kuizuia njia hiyo isijifunge. Mzee alikigusa mara mbili kwa kidole gumba. Alisema kuwa katika karakana nyingi ndogo utakuta kifuniko kimeondolewa na chuma hiki kimetupwa, kwa kuwa mafundi wanaona vinawachelewesha.

Kisha akaja kwenye mavazi, na hapo tulitazamana, kwani mweka hazina wetu alikuwa amevaa kanzu. Kanzu ni vazi la heshima, akasema mzee, lakini mbele ya mashine inayozunguka, mkono mpana wa nguo ni kamba inayosubiri kuvutwa. Anayefanya kazi hii huvaa nguo ya mikono mifupi au iliyobana, huvua saa na pete, huingiza ndani kila kinachoning'inia, na binti anayejifunza hufunga hijabu yake ikawa fupi na imara. Tuliuliza kuhusu glavu, tukidhani zitakinga vidole. Alikataa katakata: meno yakiinasa glavu, yanauvuta mkono mzima pamoja nayo. Kinachovaliwa ni miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio na barakoa.

Adhuhuri ilipoingia mtaa ulinyamaza kidogo kidogo, mashine moja baada ya nyingine. Tulitawadha pamoja na mafundi wenye vumbi la mninga kwenye nyusi, tukasimama safu moja. Katika tahiyatu ndipo vijana wetu walipoona jambo ambalo hawakuliona asubuhi. Mzee alipoinua kidole chake cha shahada, kilichoinuka kilikuwa kipande kifupi tu, kilichoishia kwenye kifundo cha kwanza.

Hakuna aliyemuuliza. Alitusimulia mwenyewe tulipokuwa tukinywa chai. Ilikuwa ni siku chache kabla ya Idi, miaka mingi iliyopita. Alikuwa na vitanda vya kukabidhi, mteja amesimama mlangoni, na kipande cha mwisho kilikuwa chembamba, chenye upana usiozidi vidole viwili. Alijua kipande kama hicho husukumwa kwa kijiti. Kijiti kilikuwa upande wa pili wa karakana, hatua sita. "Hatua sita, wanangu," alisema. "Nimezihesabu kila siku tangu hapo."

Alasiri mashine ikawashwa. Ili vijana wauelewe mwendo wake, tulipiga hesabu pamoja nao. Msumeno ulikuwa wa inchi 12, na ulizunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukizidisha mzingo wake kwa mizunguko hiyo, utaona kwamba kila jino husafiri takriban mita 45 kwa sekunde moja, yaani zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Basi liendalo mikoani haliruhusiwi mwendo huo hata kwenye barabara iliyonyooka. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi kurudi nyuma mbele ya mwendo kama huo, na kwa hiyo usalama hauwezi kutegemea wepesi wa mtu. Hutegemea mahali alipouweka mkono kabla ya kuanza.

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa duara una mbele yake na nyuma yake pia, nazo hazifanani. Upande wa mbele, unaomwelekea fundi, meno yanashuka, yanaukandamiza ubao mezani na kuukata. Upande wa nyuma meno yanapanda. Ubao ukijipinda au njia iliyokatwa ikijifunga, meno yale ya nyuma huudaka, huunyanyua, na kuutupa kumrudia aliyeusukuma. Mzee alituonyesha alama kwenye ukuta wa matofali, mkabala na mashine, kimo cha tumbo la mtu mzima. Tofali lilikuwa limemeguka. Kipande cha mkongo kilifika pale, na Mwenyezi Mungu alijaalia kuwa fundi alikuwa amesimama kando.

Kutokana na alama ile tulijifunza mengi kwa mara moja. Mtu hasimami nyuma ya ubao anaoupasua; husimama kushoto kidogo, nje ya njia yake. Ubao uliojipinda haupitishwi mpaka upigwe randa upande mmoja ukanyooka, ili uegemee vizuri kwenye reli. Kimo cha msumeno hupandishwa kiasi cha meno kupita juu ya ubao kidogo tu. Kupasua, yaani kukata kwa kufuata urefu wa nyuzi, hufanywa kwa kuegemea reli. Kukata kwa kukingama hufanywa kwa kutumia kiongozi kinachoteleza mezani, na viwili hivyo havitumiki pamoja kwenye mkato mmoja, kwa maana kipande kinachonaswa kati ya reli na msumeno hakina pa kwenda isipokuwa kwa mtu. Na ubao ukishaanza kupasuliwa, husukumwa mpaka upite wote. Haurudishwi nyuma huku msumeno ukizunguka.

Kijana wa kwanza, mwenye miaka ishirini na mmoja, alisimama mezani. Mzee alisimama ubavuni pake, mkono mmoja ukiwa kwenye swichi. Kijana alitaja bismillahi, akausukuma ubao wa msindano taratibu, mkono wa kushoto ukiubana kwenye reli na wa kulia ukiusukuma kwa nyuma. Ulipobaki kama shibiri moja, mzee alisema neno moja tu: "Kijiti." Kijana akachukua kijiti, chenye pengo mwishoni kama mdomo wa ndege, akamalizia nacho. Ubao ukatoka vipande viwili vilivyonyooka. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na jasho na tabasamu, na mzee akamwambia arudie mara kumi.

Siku ya pili ilikuwa ya vipimo. Wasomaji wengi hudhani kuwa ubao wa inchi 8 ukigawanywa mara nne hutoa vipande vinne vya inchi 2. Hautoi. Msumeno wenyewe una unene, na njia yake hula karibu milimita 3 katika kila mkato. Mikato mitatu hula milimita 9, zaidi ya theluthi moja ya inchi, na hasara yote huangukia kipande cha mwisho usipoigawanya mapema. Fundi asiyelijua hili humpa mteja rafu isiyolingana. Fundi anayelijua na kunyamaza humpunja. Mzee alilizungumza jambo hili kwa uzito uleule ambao walimu wetu chuoni walilizungumzia suala la mizani. Aliongeza pia habari ya meno: msumeno wa kupasulia huwa na meno machache na makubwa, kwa kuwa lazima utoe makapi mengi, na wa kukatia kwa kukingama huwa na meno mengi madogo yanayoacha ncha laini.

Tulijifunza pia mbao zenyewe. Mninga una rangi ya kahawia yenye mistari na hutulia ukishakauka, ndiyo maana watu huupenda kwa vitanda na makabati. Mkongo ni mzito na mgumu, wa kufaa milango. Msindano, ambao wengi huuita paini, ndio wa bei nafuu, na mwingi hutoka katika mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini, kama vile msitu wa Sao Hill ulioko Mufindi. Kwa marufaa ya watoto tulichagua msindano mkavu.

Lakini vumbi la mbao zote hizi halina wema. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na ya matundu yanayoizunguka. Athari hiyo huwapata zaidi wanaolivuta kwa miaka mingi. Tuliwaona mafundi wengi wakifanya kazi bila hata kitambaa usoni, na tuliona watoto wakicheza kwenye lundo la maranda. Mama anayemsubiri mumewe au mwanawe arudi kutoka karakana ana haki ya kuuliza barakoa yake iko wapi, kama anavyouliza mshahara.

Hapa tunafika kwenye jambo lililokuwa zito kwetu kuliko yote. Kijana wa tatu tuliyekwenda naye, yule ambaye mama yake aliuliza swali, ana miaka kumi na sita. Ndiye aliyekuwa na jicho la ufundi. Alipima mara moja na kipimo kikawa sawa. Alipiga randa ubao mpaka mzee akauinua kwenye mwanga na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Siku ya pili jioni aliomba zamu kwenye msumeno, na wenzake wakamtetea. Mweka hazina pia alisema kwa upole kwamba mkato mmoja tu hautadhuru.

Mzee alitutazama sisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na inakataza asifanyishwe kazi ya hatari. Tulimwita kijana kando tukamweleza kwamba hatumnyimi kwa kumdharau. Mama yake alimkabidhi kwetu akiwa na vidole kumi, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa. Alinyamaza, na ilionekana wazi kuwa ameumia. Siku ya tatu alifika wa kwanza. Mzee alimpa msumeno wa mkono, patasi na ubao mmoja, akamfundisha kuchonga ile bawaba ya mbao inayoziunganisha mbao mbili za marufaa bila msumari wala gundi. Kufikia alasiri alikuwa na marufaa moja inayofunguka na kufungika. Kati ya kazi zote tulizorudi nazo, hiyo ndiyo iliyotazamwa zaidi.

Huko Marekani, ambako watu wengi wana misumeno hii majumbani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa imekadiria majeraha karibu 30,000 kwa mwaka yanayotokana na kuguswa na msumeno wa meza. Mwaka 1999 Steve Gass, ambaye ni mwanafizikia na mwanasheria, alibuni mtambo unaohisi ngozi ya mtu. Mkondo dhaifu wa umeme hupitishwa kwenye msumeno. Mwili ukiugusa mkondo hubadilika, na kipande cha alumini hurukia meno na kuusimamisha msumeno ndani ya takriban elfu tano za sekunde, yaani sehemu tano za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Mashine hizo ni ghali, na karakana ya mtaani kwetu haitazimudu leo. Lakini kifuniko, kile chuma chembamba cha nyuma, na kijiti cha kusukumia ni vitu ambavyo fundi wa kuchomelea na kipande cha ubao huvimaliza kwa siku moja. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ina vyuo vya VETA, kimoja kikiwa hapo hapo Chang'ombe. Mzazi anayempeleka kijana wake kujifunza ufundi, na apite kwanza mwenyewe karakanani. Atazame kama msumeno una kifuniko. Aulize kijiti kinawekwa wapi, na kama kiko karibu na mkono.

Tuliporudi tuliwasilisha taarifa mbele ya kamati, na mama yule alikuwapo. Tulisema kuwa sasa mashine tunaijua kiasi cha kuiogopa kwa kipimo chake. Kamati iliamua kwamba mbao za marufaa zitapasuliwa Keko na kuunganishwa na vijana msikitini kwa vifaa vya mkono. Msumeno wa meza hautanunuliwa mpaka yatimie mambo manne: banda liwekewe sakafu ya saruji na umeme wenye waya wa ardhini, mashine iwe na kifuniko na chuma chake cha nyuma, awepo fundi mzima wa kusimamia kila inapowashwa, na asiiguse aliye chini ya miaka 18. Wajumbe wawili walisema tunachelewesha neema. Mama yule aliomba ruhusa ya kuongeza jambo la tano, nalo likaandikwa katika kumbukumbu: kijiti cha kusukumia kifungwe kwa mnyororo kwenye meza yenyewe.

Marufaa kumi na nane zimekwisha kukamilika, na watoto wa darasa la kwanza wamekwisha kuzitumia. Zilizobaki zinatengenezwa kila Jumamosi baada ya alasiri, na mzazi yeyote anakaribishwa kuja kutazama au kushika msasa. Wabillahi tawfiiq.